Pumba za Kuku

Walisema sitamaliza hata darasa la saba. Leo nina diploma, nimerudi Kiomboi, na ile mashine ya kusaga inayosikika hadi stendi ni yangu. Lakini juzi alikuja binti mdogo na ndoo. "Shikamoo. Mama anaomba pumba za kuku." Majivuno yote yakaniisha.

Nilipokuwa mdogo kama yeye, mwaka mmoja mvua ilikatika mapema. Mama alinituma kwa Mama Neema, jirani yetu, aliyekuwa akipepeta uwele. Vumbi lake liliwasha shingo. Nikaomba pumba za kuku.

Wanawe wakacheka. "Kuku gani? Kwenu hata jogoo hamna!"

"Mama atawanunua," nikajibu kwa kiburi, maana niliamini hivyo.

Mama Neema aliingia ndani na ndoo yangu. Njiani niliiona nzito, nikatia mkono. Chini ya pumba kulikuwa na uwele safi. Nikadhani amekosea, nikarudi mbio kumwambia mbele ya wote.

Akainamisha kichwa. "Nenda, mwanangu. Mwambie mama, kuku washibe."

Jioni, tukila ugali wa uwele ule kwa mlenda, nilimuuliza mama kuku watakuja lini. Hakuinua uso. Swali hilo bado linaniunguza.

Juzi nilichukua ndoo ya yule binti, nikaingia ndani, nikajaza unga, nikafunika kwa pumba. Nilisimama mlangoni nikimtazama akienda. Alipofika kona, alitia mkono ndani ya ndoo.

Hakurudi kuniuliza.