Riwaya Niliyoidai kwa Shefu Wangu

Siku yangu ya kwanza katika maktaba ya kampuni ya mgodi, pale Musonoi, nilikwenda na viatu virefu nikidhani nitakaa mezani. Nikapewa kitambaa cha kufutia vumbi. Vumbi la mashimo ya shaba lilitua juu ya vitabu kila mchana. Mkuu wa maktaba, tuliyemwita Tata Shefu, alivicheka viatu vyangu, kisha akanifundisha fishi, kikadi kinachobaki kwetu kitabu kinapoazimwa. Akanifundisha na kitisi, karatasi tuliyomsainia kila mfanyakazi anayeondoka, kuthibitisha kwamba amerudisha vitabu vyote. Bila kitisi hakuachiliwa kazini.

Mchana wasomaji walikuwa haba, na mashine za mgodini zilivuma kwa mbali hadi macho yakawa mazito. Saa hizo Tata Shefu alisoma riwaya ileile ya Kifaransa, ya familia inayokimbia kijiji chake. Nikaisoma na mimi. Nilimlilia bibi arusi aliyeachwa njiani, wengine niliwaruka. Nikamuuliza Tata Shefu kama haimchoshi.

"Soma tena kisha miaka," alisema. "Kitabu haibadilikake, njo weye utabadilika."

Nilipokuwa mama wa watoto watatu niliisoma tena, na bibi arusi akaniudhi kwa machozi yake. Safari hii nilimwonea uchungu baba yake, anayewaita watoto mmoja mmoja kwa majina kila wanapopumzika.

Kisha kazi ikaporomoka. Mashimo yakanyamaza, na watu wenye asili ya mkoa wa Kasai wakaambiwa warudi kwao. Kwao Tata Shefu kulikuwa Musonoi hapohapo. Kasai hakuwahi kuiona. Alikuja na kitisi yake mkononi, familia ikimngoja stesheni. Fishi ya riwaya ile ilikuwa na jina lake.

"Mama, sinya tu. Hii kitabu iende na mi."

Nilimpenda kama baba. Lakini mkuu mpya alikuwa katika chumba cha pili, mlango wazi, na mimi niliogopa. Nikamwambia kitabu kwanza, kama alivyonifundisha.

Aliitoa ndani ya koti, akaifuta kwa kiganja, akaiweka mezani. "Iko sawa, mama. Ulijifunza muzuri."

Nikasaini. Sikupata habari zake tena, na aibu ile haijanitoka.

Maktaba ilipofungwa nilistaafu, nikaruhusiwa kuchukua kitabu kimoja; nikachagua riwaya ile. Ninaisoma barazani polepole, nikisinzia na kuamka katikati ya sentensi, na siku nyingine sijui kama ninasoma au ninaota. Ninyi vijana mnaosoma kwa simu mtanicheka. Mwaka huu nimemwona humo mtu ambaye sikuwahi kumwona. Ana ukurasa mmoja tu: karani wa kivuko, mwenye adabu, anayeidai familia ile karatasi ya mzigo kabla haijavuka. Mwandishi hakumpa hata jina.

Nimeurudia ukurasa huo mara nne, nikitamani amwache yule baba apite na mzigo wake. Kila mara anamwambia auweke chini, na sauti ninayoisikia ni yangu.