Koo la Mbuzi kwenye Gati la Lindi

Shule niliiacha darasa la tatu, lakini kuuliza sikuacha. Enzi za Mwingereza, nikiwa Lindi, alfajiri nilichuna mbuzi machinjioni, mchana nikasukuma marobota ya mkonge gatini. Makuli tulisukuma kwa kufuata sauti ya mwimbishaji, mzee wa Milola mwenye goti bovu. Kazi nyingine haikumbakia, na sauti ilikuwa inamkauka.

Aliamini sauti hutoka kifuani. Kadiri ilivyokwaruza, ndivyo alivyotafuna tangawizi mbichi na kusukuma pumzi zaidi.

Siku moja nilikata koromeo la mbuzi pamoja na kipande cha bomba la hewa, nikachungulia. Ndani mlikuwa na mikunjo miwili ya nyama laini, imeelekeana kama midomo. Nikaibana ikagusana, nikapuliza: ikatetemeka, ikalia. Nilipoivuta ikakaza, sauti ilipanda. Nilipoilegeza, ilishuka. Nikapuliza kwa nguvu, ikapaza sauti. Kifua cha mbuzi kilikuwa kinaning'inia kwenye ndoano.

Ningeweza kumwita mzee pembeni. Badala yake koromeo nililipeleka gatini, mbele ya watu wote.

"Shikamoo, mzee. Sauti yako iko humu. Umeipigiza mikunjo mpaka imevimba, haikutani tena, pumzi inavuja. Nyamaza siku kumi."

"Marahaba," akakwaruza. "Na nani ataimbisha?"

Nikapuliza. Koo likalia juu, likashuka.

"Lo! Kitoweo kinakushinda, mtani!" kuli mmoja akampigia mzee kelele. "Kiitikie basi!"

Wakacheka. Kicheko kilinikolea, nikapuliza tena, safari hii kwa mahadhi ya wimbo wake mwenyewe.

Mzee akasimama anishinde. Akavuta pumzi yote, akalipua wimbo. Neno la kwanza lilitoka, la pili likawa upepo mtupu. Mishipa ya shingo imemsimama, mdomo unakwenda, hakuna kitu.

Nyapara aliyaona yote. Akamteua mwimbishaji mwingine palepale. "Wewe mzee, shika robota au rudi Milola."

Akashika. Aliwekwa mbele, avute kinyumenyume juu ya ubao wa kupandia tishari la kupeleka mizigo melini. Mimi na wenzangu watatu tulisukuma kwa chini. Katikati ya ubao goti lilimkunjika, akaenda chini, robota likampanda mapajani. Robota lilitukinga tusiyaone hayo; juu yake niliona mdomo wake tu, umefunguka wote.

Nikadhani anaitikia wimbo. Tukaendelea kusukuma.