Nimefunga

Umeme ulirudi saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri. Saa hiyo siikisii. Programu niliyoiandika mwenyewe iliirekodi.

Nimeandika programu kwa miaka kumi na minane. Saketi nilikuwa nimejifundisha kwa miezi mitano tu, mezani kwangu Ifakara, ukurasa kwa ukurasa. Somo la kwanza lilinipendeza: saketi ikifungwa, umeme unapita, ikifunguliwa, unakatika. Ni kinyume cha bomba la maji. Nilipomtengenezea mume wa dada yangu kifaa cha kuendesha kwa simu mota ya mashine yake ya kukoboa mpunga, vitufe niliviandika kwa lugha sahihi ya saketi: FUNGA, mota izunguke, FUNGUA, isimame.

Shemeji alikuwa amekoboa kwa injini ya dizeli tangu ujana wake Idete. Kwake, kufunga ni kufunga mafuta, injini izime.

Siku ya majaribio umeme ulikatika katikati ya gunia la pili, mkanda ukachomoka kwenye puli. Programu iliifungua saketi yenyewe, kama nilivyoiagiza. Nisingegusa kitu, shemeji asingeumia.

"Funga kwanza, shemeji," alisema, akikunja mikono ya shati. "Umeme ukinikuta humu, dada yako anarudi kwenu na watoto wote wanne."

Nilicheka, nikabonyeza.

"Umefunga?"

"Nimefunga."

Akaingiza mkono kuurudisha mkanda.

Umeme uliporudi, mota ilianza kwa nguvu zake zote. Mkanda ulimkwapua mkono ukaupeleka kwenye puli, na nilisikia mfupa kabla ya kuisikia sauti yake. Damu ilirukia pumba, ukuta, macho yangu. "Funga! Funga!" alipiga kelele, nami nikabonyeza FUNGA, tena na tena, na mota ikaendelea kumtafuna. Mbeba magunia aliyekuwa mlangoni alinipiga ngumi ya mdomo, akanitupa kando, akaishusha swichi kuu. Mashine ilipotulia, kiganja cha shemeji kilikuwa kimegeuka kuelekea upande usio wake.

Hospitalini walimkata vidole vitatu. Dada yangu alikaa upande wa pili wa kitanda. Shemeji alipozinduka aliutazama mdomo wangu uliovimba.

"Nani kakupiga?"

"Mbeba magunia wako."

"Mnunulie soda." Akafumba macho. Nilidhani amelala. "Lakini ulisema umefunga."

"Nilifunga, shemeji."

Kitabu nilichojifunzia kilisisitiza kitufe chekundu cha dharura, cha kupigwa kwa kiganja, kinachokata umeme bila kupitia programu yoyote wala neno lolote. Nilikishika dukani, nikauliza bei, nikakirudisha rafuni, kwa sababu niliona programu yangu inatosha. Niliokoa shilingi elfu thelathini na nane.