Gari la Mgeni Haliachwi Juani

Getruda Mhoja hapendi kupewa pole. Ukimpa, anakuuliza pole ya nini, na ukishindwa kujibu umeshaaibika. Nimemfahamu miaka sita, tangu alipoanza kuleta Noah yake kwenye kibanda changu cha umeme wa magari hapa Buhongwa, na pole niliyompa ni moja tu. Hiyo moja ndiyo nataka kuieleza, maana siku hiyo nilimkosea.

Yeye ni mtaalamu wa mifugo, lakini ng'ombe amewaachia wengine. Kazi yake ni kuku. Anatoka kwake Ilemela na chupa za chanjo ya kideri, anazunguka vijiji vya Magu, tone moja kwenye jicho la kila kuku. Sasa, kuku wa kienyeji huwezi kumchanja saa nne asubuhi. Saa hizo ameshafika kwa jirani wa tatu. Anachanjwa alfajiri, kabla banda halijafunguliwa. Kwa hiyo Getruda hulala hukohuko, ndani ya gari. Viti vya nyuma aliving'oa zamani, akaweka godoro, jiko dogo la gesi na ndoo ya maji. Hukaa siku tatu, kitongoji kimoja kila alfajiri.

Chanjo inataka baridi, kati ya nyuzi mbili na nane. Miaka yote alikuwa anaibeba ndani ya deli la barafu kama lile la wauza juisi. Mwaka jana barafu iliyeyuka siku ya pili, naye hakuwa na kipimajoto. Akachanja kitongoji kizima. Kideri kilipopita mwezi uliofuata, kuku walikufa kana kwamba hawajawahi kuguswa. Mjane mmoja, Mama Shimba, alikuwa nao thelathini na mmoja. Akabaki na jogoo. Tangu hapo kule wakapata msemo, "maji ya Getruda". Chai ikipungua majani, hayo ni maji ya Getruda. Pombe ikikosa nguvu, ni yaleyale. Mtu wa kumpelekea habari hizo hakukosekana, na zilimuuma sana.

Mwaka huu akaja kwangu na friji ndogo ya gari, ameikumbatia kifuani.

"Fundi, hii isizime siku tatu. Ikizima, mimi kule sina uso wa kurudi."

Nikamfungia, na nilifunga vizuri. Wengi huunga friji kwenye betri ya gari yenyewe. Asubuhi gari haliwaki na friji imekufa, umekosa mwana na maji ya moto. Mimi nilimwekea betri ya pili kwa ajili ya friji peke yake, waya mnene, fyuzi yake, na juu kwenye keria paneli ya sola ya kuichaji gari likiwa limesimama. Paneli niliikaza kwa boliti nane, kisha nikazichomelea. Hapa Buhongwa kitu ambacho hakijachomelewa si chako, unamtunzia mwizi. Mwisho nikabandika kipimajoto chenye namba kubwa kwenye mfuniko wa friji. Akaondoka Jumatatu, mimi nikabaki nimejaa sifa.

Jumatano, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, simu ikaita.

"Obedi, inasoma kumi na nne."

"Tangu saa ngapi?"

"Sijui. Jana jioni ilikuwa tano. Nimeamka nimekuta imezima."

Nyuma ya sauti yake nilisikia kuku wengi na watu. Siku hiyo ilikuwa zamu ya kitongoji cha akina Mama Shimba. Jana yake alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiwabembeleza, na walikuwa wamekuja kweli hadi kwenye gari, kuku wamefungwa miguu.

"Pole, dada," nikasema. Ningeishia hapo ingekuwa heri. Lakini kazi ilikuwa yangu na sikutaka ionekane imeharibika, basi nikaongeza, "Ila nyuzi kumi na nne si joto hilo. Njombe watu wanavaa makoti. Wachanje tu, nani atajua?"

Akakata simu bila kuaga.

Yaliyofuata alinisimulia baadaye kwa maneno machache, na mzee Ngosha, mwenyekiti wa kitongoji alichokuwa amefikia, akaniongezea mengine. Getruda alisimama mbele ya watu wasiopungua arobaini, akawaambia chanjo imepata joto, haifai. Akafungua chupa moja moja akazimwaga chini. Watu wakacheka. Mmoja akasema mwaka huu maji ya Getruda hata machoni hayakufika. Mama Shimba alikuwa amesimama mbele na mitetea sita, ndiyo mali yote aliyokuwa ameanza nayo upya.

"Mwaka jana mbona hukumwaga?" akauliza.

"Mwaka jana sikujua. Sikuwa na kipimo."

Mama Shimba akawabeba kuku wake akaenda zake. Getruda anasema vicheko alivimudu. Huo mgongo wa Mama Shimba ndio uliomuuma.

Saa nne akanipigia tena. Safari hii nilikuwa nimejiandaa kujitetea.

"Umewachajia watu simu?"

"Tatu."

"Ulikuwa unafungua friji ovyo?"

"Mara mbili kwa siku."

"Umewawekea watu soda?"

"Obedi!"

"Haya. Gari liko wapi?"

"Kwa mzee Ngosha, chini ya mwarobaini."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu. Alisogeza mkokoteni wake wa ng'ombe ili mimi nipate nafasi. Ulitaka nimwambieje mtu mzima? Shikamoo baba, kivuli chako sikitaki?"

Usukumani gari la mgeni haliachwi juani. Ni aibu kwa mwenye mji. Ule mwarobaini ulikuwa umeifunika paneli yangu tangu siku ya kwanza, betri ikala akiba yake hadi ikaisha. Na mimi ni mtoto wa Magu, nimekulia kwenye mji wenye mwarobaini, nimetumwa mara ngapi kuhamisha mbuzi ili baiskeli ya mgeni ipate kivuli! Sikuliwaza hilo hata kidogo. Niliwaza wezi. Kama nisingezichomelea zile boliti, paneli ingeshushwa ikawekwa juani kwa waya mrefu, gari likabaki kivulini na heshima yake. Nikamweleza hivyo hivyo, kwamba kosa ni langu.

"Basi nakuja uzikate," akasema.

Nilizikata. Nikaunga waya wa mita kumi na tano. Wiki mbili baadaye, alipopata chanjo mpya, akaniambia naondoka naye kesho. Hakuniuliza kama nina nafasi. Nilikwenda. Lile neno nililolisema kwenye simu lilikuwa bado lipo kati yetu na yeye hakuwahi kulitaja. Hapo ndipo Getruda anapochosha. Angenitukana, ningepumua.

Tulifika saa nane mchana. Mzee Ngosha alitoka mbio na fimbo yake, anatupungia tusiende upande wa mwarobaini.

"Huku hapana! Huku kuna kivuli! Gali lende kule!"

Katikati ya uwanja, mahali ambapo jua halina mpinzani, palikuwa pamefagiliwa na kuzungushiwa mawe. Nikashuka, nikaamkia, nikatoa waya wangu mrefu nikamweleza mzee kwamba sasa hakuna shida tena: gari litakaa kivulini, paneli peke yake ndiyo itakaa juani. Nilieleza vizuri, na mifano. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Na pale alipofagia Mama Shimba tupafanyeje?"

"Nani?" Getruda akauliza.

"Mama Shimba. Nilipotangaza kwamba unarudi, na kwamba mwarobaini wangu ndio ulioua friji yako kama ulivyonieleza, alikuja na ufagio asubuhi. Mawe kayabeba mwenyewe."

Getruda akaingia kwenye gari, akaliegesha juani katikati ya mawe, na waya wangu ukabaki umekunjwa. Ndani mlikuwa tanuri, akafungua madirisha yote. Niliona anafuta macho. Sikumpa pole.

Alfajiri watu walikuja, wachache kuliko mara ya kwanza. Wa mbele alikuwa Mama Shimba na mitetea yake sita. Getruda alikuwa ameshashika chupa, lakini yule mama hakumpa kuku.

"Mwangaluka, dokta," akaamkia kwa Kisukuma. "Kwanza nionyeshe hicho kipimo."

Getruda akamfungulia mlango wa gari. "Ikiwa kati ya mbili na nane, ni nzuri. Ikizidi nane, ondoka na kuku wako, hata kama mimi nakuambia kaa."

Mama Shimba akainama, akaweka kidole kwenye kioo cha kipimajoto, akakaa nacho hapo muda.

"Nne."

"Nne ni nzuri au mbaya?" Getruda akamuuliza.

"Nzuri," akasema. Akageuka nyuma kwa wenzake, akarudia kwa sauti, "Ni nne!"

Hawakutosheka kuambiwa. Mstari mzima ukahamia mlangoni mwa gari, kila mtu na kuku kwapani, kila mtu anataka aione mwenyewe kabla ya kwenda kwa Getruda. Nilisimama pembeni nikikumbuka "nani atajua" yangu. Mama Shimba hakutoka pale. Alibaki mlangoni akiwasomea wasiojua namba, na mitetea yake sita akanipa mimi nimshikie.