Ushuhuda Nilioutoa Mapema

Nilimshukuru Mungu kabla maabara haijamaliza kazi yake, na huo ndio mwanzo wa mambo yote. Operesheni ilifanywa mjini Nakuru, titi la kushoto likaondolewa, na nyuzi zilipotolewa nikarudi nyumbani Keringet. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa, mkono wa kushoto ukiwa bado hauinuki. Nikasema kansa imekwisha. Nikasema daktari amekata yote, Mungu amemaliza kazi, na sitahitaji dawa hata moja. Kanisa zima lilisimama. Akina mama walipiga vigelegele, mama mchungaji akalia, na mimi, niseme ukweli, nilipenda sana. Kwa miaka mingi nilikuwa yule mwanamke wa kuosha vikombe vya chai baada ya ibada. Siku hiyo watu walipanga foleni kunisalimia.

Hakuna aliyenidanganya. Nikiwa bado kitandani wodini, daktari alikuwa ameniambia, "Mama, wacha tungoje results ndio tujue njia ya mbele." Nilimsikia vizuri. Lakini hospitalini hata ukienda kupimwa uzito unaambiwa ungoje, kwa hivyo nilidhani ni desturi yao tu.

Matokeo yalitoka wiki mbili baadaye. Daktari aliigeuza karatasi upande wangu kana kwamba ningeweza kuisoma. Kansa ilikuwa imefika kwenye tezi za kwapani. Alitaka nianze kemo haraka, ile dawa ya kansa ya kuingizwa mshipani, mara nane, kila baada ya wiki tatu.

"Na nikikataa?"

"Siwezi kukulazimisha, mama. Lakini hii kitu haitakungoja. Nipatie jibu mapema."

Nilirudi Keringet na kumwambia kila aliyeuliza kwamba matokeo yalikuwa mazuri.

Mume wangu ndiye pekee aliyeiona ile karatasi. Nilimpa sababu zangu za kukataa: kwamba kemo humaliza watu kuliko kansa yenyewe, kwamba jirani yetu wa ng'ambo ya mto alienda akitembea akarudishwa amebebwa, kwamba msimu wa kupanda ulikuwa umefika. Zote zilikuwa na ukweli kidogo ndani yake. Ile kubwa sikuisema. Niliona aibu. Nikienda kemo, basi kanisa litajua kwamba ama Mungu hakumaliza kazi niliyomtangazia, ama mimi ni mwongo. Na tayari nilikuwa nimealikwa kutoa ushuhuda kwenye mkutano wa akina mama wa makanisa manne. Mtu atacheka akisikia kwamba nilikuwa tayari kufa ili nisiaibike mbele ya wanawake wa makanisa manne. Acheke. Mimi wakati huo sikuona kichekesho.

Wiki zikapita hivyo. Nilipapasa kwapa langu kutwa nzima, nikikama, nikipika, hata nikiwa nimefumba macho kanisani. Nilikuwa mkali kwa kila mtu, hadi kuku walinikwepa.

Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Asubuhi moja alinikuta ghalani nikichagua mbegu za viazi, akaketi juu ya gunia mkabala na mimi.

"Kanisa litapata shahidi mwingine," akasema. "Mimi nitapata bibi wapi?"

Halafu akaanza kunisaidia kuchagua. Nikaona anachanganya viazi vilivyooza na vizima, kwa sababu machozi hayakumwacha aone. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata tulipomzika mama yake. Nikamwambia nitaenda. Sikwenda kwa imani wala kwa ujasiri, nilienda kwa sababu sikuweza kumtazama.

Niliweka sharti moja tu: kanisa lisijue. Dada yangu anaishi Kaptembwo, hapo Nakuru mjini, na tukakubaliana isemwe kwamba anaumwa mgongo na mimi ndiye wa kumtunza. Kanisa likaamini. Kila Jumatano likamwombea dada mgongo wake, na likamtumia kabichi na gunia la viazi.

"Waambie waache kuniombea," dada alisema akicheka. "Mgongo umeanza kuuma ya ukweli."

Siku ya kwanza nesi alikuja na bomba la sindano lililojaa dawa nyekundu, rangi ya juisi ya harusi. "Mathe, hii ikiingia utaskia baridi kwa mkono," akaniambia. "Na ukienda choo usishtuke, mkojo itakuwa red." Nilikuwa nimejiandaa kwa maumivu. Sikuwa nimejiandaa kuketi nusu siku na wanawake wasio na nywele, wakiulizana habari za watoto kana kwamba tuko saluni. Niliwakasirikia kwa utulivu wao. Mmoja alinipa peremende ya tangawizi nami nikakataa, halafu nikajuta njia nzima.

Taabu yenyewe ilianza kesho yake. Dada ana chumba kimoja, na jirani wa mlango wa pili hukaanga samaki wa kuuza. Harufu ile ikinifikia, naikimbilia ndoo. Choo cha ploti kilikuwa ng'ambo ya ua na mara nyingi sikufika. Nilitapika hadi nikawa natapika maji ya manjano, nikilia kwa hasira zaidi ya maumivu, na dada akamwaga ndoo baada ya ndoo bila kukunja uso. Kinywa kilijaa vidonda. Ugali ulikuwa na ladha ya chuma. Kitu pekee kilichopita kooni ni viazi vya kuchemsha vilivyopoa, vile vile ambavyo kanisa lilimtumia mgonjwa wa mgongo. Nilivila nikiona haya.

Wiki iliyofuata niliuhudhuria ule mkutano wa akina mama. Ningeweza kusema naumwa. Nilikuwa naumwa! Lakini jina langu lilikuwa limeshatangazwa, na wanawake walikuwa wametoka mbali. Nilisimama na vidonda mdomoni, dawa ikiwa ndani ya mishipa yangu, nikasema tena kwamba niliponywa bila kemo. Mara ya kwanza nilikuwa sijui. Mara hii nilijua.

Nywele zilipoanza kutoka, dada alininyoa zote. Hilo halikunisumbua, maana katika kanisa letu wanawake hufunga vitambaa na hakuna anayeuliza kilicho chini yake. Nyusi ndizo zilizonitaabisha zilipotoka nazo. Kwetu kujipaka rangi usoni ni dhambi, kwa hivyo nilizichora kwa penseli ya shule ya binti yangu, nikizipunguza kila upande hadi zifanane na nyusi za mtu asiyejipamba. Mama mchungaji alinitazama kwa muda Jumapili moja, halafu akasema kumtunza mgonjwa kumenikondesha.

Baada ya kemo ya nne, mwanamke mmoja wa ushirika wetu alikuja nyumbani kwangu mchana. Ni yule anayeuza maziwa pale sentani, kwenye maduka. Nilikuwa peke yangu. Aliniletea maziwa, akakaa, akazungumza kuhusu mvua, halafu akainuka na kufunga mlango. Akafungua vifungo vya blauzi.

"Hiki kitu nilikiona mwezi wa tatu," alisema. "Nilikuwa nimepanga niende Nakuru. Hata nguo nilikuwa nimefua. Halafu nikakusikia kwa ule mkutano. Nikasema, kama huyu mama aliponywa bila dawa, hata mimi nitangoja yangu."

Aliushika mkono wangu akauweka juu ya uvimbe. "Niombee vile wewe uliombewa."

Ulikuwa mgumu, mkubwa, na ngozi juu yake ilikuwa imevutwa ndani. Wangu haukuwa umefika hapo ulipokatwa.

Ningeweza kuomba. Maneno nayajua yote, na sauti ninayo. Angeenda zake akiwa na furaha, na siri yangu ingebaki salama. Niliogopa kuliko siku niliyosomewa ile karatasi. Niliuondoa mkono wangu kifuani pake, nikafungua kitambaa kichwani, nikakiweka juu ya meza. Halafu nikalamba kidole na kufuta unyusi mmoja.

"Nimeenda kemo mara nne," nikamwambia. "Dada yangu hana ugonjwa wowote."

Alinitazama kichwa kizima, polepole.

"Hiyo siku ya mkutano?"

"Nilikuwa nimeshaanza."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alifunga vifungo, akakosea, akavifungua akaanza upya. Nilianza kusema samahani, akanikatiza.

"Unarudi lini?" akauliza.

"Jumanne."

"Tutaenda pamoja. Lakini usiniombee."

Jumanne tuliketi kwenye benchi moja la hospitali, mkoba wake ukiwa katikati yetu. Aliniuliza maswali mawili tu: kama kadi inachukuliwa dirisha lile, na kama kupimwa kunauma. Jina lake lilipoitwa aliniashiria niingie naye. Daktari alikuwa yule yule wangu. Alimkaribisha, akafungua faili jipya.

"Mama, umekaa na hii uvimbe muda gani?"

"Tangu mwezi wa tatu."

"Mwezi wa tatu? Na mbona ukakaa hiyo muda yote?"

Akainamisha macho, akakazana kukunja ncha ya leso. Nikaona hatanitaja. Angebeba lawama hiyo peke yake, kama mjinga aliyeogopa hospitali, na daktari angemkaripia kidogo na kuendelea na kazi.

"Ni mimi nilimchelewesha," nikasema. "Nilimwambia nimepona bila dawa."

Daktari alinitazama, akatazama kitambaa changu, akarudisha macho kwenye faili. Hakuandika chochote. Alivaa glavu na kumwomba apande kitandani.

Mwanamke yule alishika kifungo cha kwanza cha blauzi, kisha akaacha. Alingoja nitoke nje ndipo avue.