Niliruka Ukaguzi, Nikaondoka na Shangazi

Jamani, mimi nimewahi kufika mlango wa kanisa na bibi harusi wa miaka sitini na nane.

Sikusimuliwa. Ni mimi mwenyewe, Revocatus, suti ya kijivu ya kuazima, ua kifuani, mwaka 1998, Mwanza.

Na chanzo chake ni kompyuta. Tulieni niwaeleze.

Miaka ile viwanda vya samaki vilikuwa vinafunguliwa Mwanza kila kukicha. Sangara anatoka ziwani, anachunwa, minofu inaingia kwenye maboksi, inapanda ndege kwenda Ulaya. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Dar na cheti cha kuandika programu, nikapata kazi kwenye kiwanda kimoja Nyakato. Kiwanda kizima kilikuwa na kompyuta mbili, na zote zilikuwa chini yangu. Kichwa kilinivimba, siwadanganyi.

Programu yangu ilikuwa ya kuchapa lebo. Boksi linakaa kwenye mzani, kompyuta inasoma uzito na joto, lebo inatoka, boksi linaenda chumba cha baridi.

Ila kabla ya kila lebo kulikuwa na hatua moja niliyoipa jina la Hakiki.

Hiyo Hakiki aliiomba Dorotea. Dorotea Shimba alikuwa msimamizi wa ubora, koti jeupe, buti za mpira, hacheki ovyo. Na ndiye aliyekuwa mchumba wangu. Harusi ilikuwa imebaki wiki tatu.

Kazi ya Hakiki ni kuangalia tu. Haiandiki popote, haibadilishi kitu. Boksi likiwa zima inajibu "sawa", na hilo "sawa" hakuna anayelitumia. Lakini ikikuta boksi limepata joto, haijibu kabisa. Inasimamisha kazi yote, kioo kinakuwa chekundu, na hakuna kinachoendelea mpaka Dorotea aje. Kwenye fani yetu kitendo hicho tunakiita eksepsheni.

Kwa miezi minne haikusimamisha hata boksi moja.

Na ilikuwa inakula muda. Lebo moja sekunde sita, bosi anataka mbili, lori la uwanja wa ndege linanguruma nje.

Sasa, kuna kitu kinaitwa kompaila. Ndiyo programu inayochukua maandishi ya mtu kama mimi na kuyageuza yawe lugha ya mashine. Kompaila nzuri ina akili. Ikikuta kazi isiyobadilisha kitu, na jibu lake halitumiki, inaifuta kimyakimya. Au inaihamishia sehemu yenye unafuu. Nikaiambia ifupishe kila inachoweza kufupisha, nikakaa kusubiri Hakiki ipotee.

Haikupotea.

Nikajaribu tena. Ipo.

Nikaja na mbinu nyingine. Ipo palepale, juu ya kuchapa lebo, haijasogea hata mstari mmoja.

Nikamwita Dorotea aje aone ujinga wa mashine.

"Ona hii," nikamwambia. "Hatua haifanyi chochote, na kompaila imegoma kuifuta. Imegoma hata kuishusha chini ya lebo."

"Boksi likiwa bovu?"

"Inasimamisha kazi."

"Kabla ya lebo au baada?"

"Kabla."

"Basi ukiishusha, lebo itakuwa imeshatoka. Na ukiifuta, nani atasimamisha?"

"Dori, miezi minne haijakamata hata moja!"

"Sijakuuliza miezi. Hiyo mashine haijui kama kesho litakuja boksi bovu, ndiyo maana haigusi. Wewe unajua?"

Nikacheka. Mtu wa samaki ananifundisha kompyuta!

Kesho yake nikaihamisha kwa mkono wangu. Lebo kwanza, ukaguzi mwishoni, maboksi mia kwa mpigo. Bwana wee, mashine ikakimbia. Bosi akaninunulia soda mbele ya watu, nikajiona mjanja wa mji.

Alhamisi kioo kikawa chekundu.

Lebo mia zimeshatoka. Zimeshabandikwa. Maboksi yamepangwa mpaka darini. Kompyuta inasema kuna boksi moja limepata joto, lakini lebo hazionyeshi joto wala namba, na hakuna anayejua ni lipi. Dorotea na akina mama wanane wakafungua boksi moja moja, mikono kwenye barafu. La themanini na saba ndilo.

Nilidhani atanigombeza. Akavua glovu taratibu.

"Revo, mtu anayesema ndiyo bila kuangalia, mimi siwezi kuishi naye. Harusi bado wiki mbili. Nakutazama."

Nikarudisha Hakiki mahali pake siku hiyohiyo. Nikasema moyoni, yameisha.

Hayakuisha.

Siku ya harusi tulikwenda kumchukua kwao Buzuruga. Kwa Mzee Shimba wana mchezo wao: bibi harusi hatoki hivihivi. Wanatolewa wanawake waliofunikwa khanga gubigubi, mmoja baada ya mwingine, na bwana harusi lazima ainue pindo, aangalie uso, aseme "siye" au "ndiye". Nilikuwepo kwenye harusi za dada zake wawili. Zote mbili, wa tatu ndiye.

Na ukishainua ukakuta ndiye, unamfunika tena mnaondoka. Hakuna kilichobadilika.

Mnaona shetani alivyoingia?

Halafu tulikuwa tumechelewa. Gari lilipata pancha mara mbili. Padri alikuwa ameshatuonya: ikifika saa kumi hajatuona, anafunga kanisa anakwenda kigango kingine. Na saa ile ilikuwa tisa na nusu.

Wa kwanza nikamfunua, mpwa wake, anacheka. Siye. Wa pili nikamfunua, mama jirani. Siye.

Wa tatu akatoka kichwa chini, hatua fupifupi, ana aibu zote za bibi harusi.

Mshenga wangu, mzee Antoni, akaninong'oneza, "Funua."

"Nitamfunua kanisani, baba. Muda umekwisha."

"Ni pindo la khanga tu, Revo. Inakuchukua nini?"

"Wa tatu ndiye siku zote." Nikapaza sauti, "Ndiye!"

Mzee Shimba akanitazama. "Una uhakika, mkwe wangu?"

"Asilimia mia, baba."

"Haya. Nimekupa."

Vigelegele! Ngoma! Nikamshika mkono mpaka kwenye gari. Mkono wenyewe ulikuwa mgumu, umekakamaa. Nikamwonea huruma mchumba wangu, nikasema ona barafu ya kiwanda ilivyomharibu mtoto wa watu.

Pale Nyakato teksi moja ikatupita kwa kasi, inapiga honi. Nikaipungia mkono kwa furaha.

Saa kumi kasoro dakika tano, mlango wa kanisa. Nikainua khanga.

Meno matatu yakanichekea.

Mdomo ukatoa ulichozoea. "Shikamoo."

"Marahaba, mume wangu," akajibu Shangazi Paskazia, dada yake Mzee Shimba, aliyekuja kutoka Nansio kwa ajili ya harusi.

Watu waliangua kicheko mpaka ngoma ikadondoka. Mzee Antoni alikaa kwenye ngazi akashika kichwa.

"Shangazi, Dorotea yuko wapi?"

"Yuko ndani. Si ndiye huyo aliyekupita na teksi, ukampungia? Alinipanga mwenyewe. Kasema, shangazi, akikufunua, rudi ndani nitoke mimi. Asipokufunua, nenda naye, ni wako."

Nikaingia kanisani. Kweli, Dorotea alikuwa amesimama mbele, gauni jeupe, shela, hatabasamu. Nikasimama pembeni yake.

"Dori, nisamehe."

Akaigeukia altare. Padri akatazama saa yake, akaanza. Nikapumua. Nikasema kama ameniacha nisimame hapa, basi nimesamehewa.

Ikafika ile sehemu. "Kama kuna mwenye pingamizi juu ya ndoa hii, aseme sasa."

Nimeshahudhuria harusi kama thelathini. Sijawahi kusikia mtu akijibu hilo swali. Nikawa nimeshaanza kuitafuta pete mfukoni.

"Mimi ninalo," akasema Dorotea.

Padri akavua miwani.

"Wewe ndiye bibi harusi."

"Ndiyo, Padri, na ninalo. Huyu bwana leo amesema ndiye bila kuangalia, mbele ya baba yangu. Angepewa mtu yeyote angeondoka naye."

Padri akanigeukia. "Ni kweli?"

Ningekataaje? Shangazi alikuwa nyuma yangu, amejitanda khanga ileile, anawapungia watu.

"Ni kweli, Padri."

"Basi leo hakuna ndoa." Akafunga kitabu, akaenda zake kigangoni.

Nililia. Sioni aibu kusema, nililia kama mtoto palepale mbele ya watu. Nilikuwa nampenda yule dada, na nilikuwa nimempoteza kwa uvivu wa kuinua kipande cha kitambaa. Pilau ililiwa bila harusi. Shangazi Paskazia alikaa kwenye kiti cha bibi harusi, akakata keki, akaomba alishwe.

Kwa siku kadhaa nilikuwa naliwaza lile swali la Padri. Harusi thelathini halikufanya chochote. Ningepewa mimi kupanga ratiba ya ndoa, ningelifuta, au ningelisukuma mwisho baada ya pete ili twende haraka. Na Dorotea angekuwa ameshakuwa mke wangu kabla hajapata nafasi ya kusema kwamba hataki.

Nikamfuata kiwandani, nikamwambia hivyohivyo, sikuongeza wala kupunguza. Alikuwa ameshika boksi. Akaliweka chini.

"Sasa umeelewa. Rudi kwetu Jumamosi ya wiki ijayo."

Nikarudi. Safari hii walinitolea wanawake kumi na mmoja. Nikawafunua wote, kila mmoja na salamu yake: shikamoo mama, shikamoo bibi, hujambo binti. Saa nzima ilikwisha. Padri mwenyewe alialikwa palepale nyumbani, anakunywa chai, hana haraka na mtu.

Wa tano alikuwa Shangazi Paskazia. "Marahaba. Mimi bado nakungoja," akasema.

Wa kumi na mbili akatoka. Nikainua pindo. Alikuwa anatokwa machozi, na mimi nikaanza.

"Ndiye," nikasema.

"Angalia tena," akasema Dorotea.

Nikaangalia tena, kwa muda mrefu, na hakuna aliyenikatisha.

Wadau, funzo ni hili. Kuna kazi ambazo kila siku zinaonekana hazina faida, maana hazileti kitu na hakuna anayetumia majibu yake. Kabla hujazifuta, au hujazisogeza mbele ya safari, jiulize siku zitakapotaka kusema hapana zitaisema saa ngapi. Hapana ikija baada ya jambo kufanyika, imebaki kuwa habari tu. Kompaila ililijua hilo bila kuambiwa na mtu. Mimi ilibidi nilie mbele ya waumini mia mbili.