Boksi Lililofuka Moshi Kwenye Meli ya Nansio

Asubuhi hiyo niliondoka chumbani kwangu Kirumba bila mpango, kwa kuwa nilichoka kuona kuta zilezile. Miaka ile viwanda vya minofu ya samaki vilikuwa vinafunguliwa kando ya ziwa, na kila mtu alikuwa na pa kukimbilia isipokuwa mimi.

Bandarini nilimkuta Mwalimu Nyangeta, wa fizikia katika sekondari ya Ukerewe, akihangaika na boksi zito. Ndani mlikuwa na barafu kavu aliyoomba kiwandani, ile isiyoacha maji bali hutoweka kama moshi.

"Nafundisha chembe za kutoka angani tangu nianze kazi, sijawahi kuona hata njia zake," alisema. "Barafu hii ikifika, nitaziona. Ikiisha njiani, basi tena."

Nikabeba boksi, nikapanda naye meli ya kwenda Nansio, Ukerewe.

Katikati ya ziwa, boksi likaanza kufuka.

"We kijana, boksi lako linavuta sigara?" aliuliza Mama Kabula, mchuuzi wa samaki wa Nansio. Watu wakacheka.

"Shikamoo mama. Ni barafu."

"Marahaba. Barafu gani kavu hivi? Mtaiua!" Kabla sijamzuia, akaimwagia kopo la maji, kama wanavyofanya soko la samaki la Mwaloni ili barafu imshike samaki vizuri. Ukungu mweupe ukafurika. Abiria wakakimbilia maboya, wakidhani meli inaungua. Barafu nyingi ikatoweka na ukungu huo.

"Nimekukosea, Mwalimu," alisema, utani umemwisha. Akakizika kipande kilichobaki katika gunia lake la pumba za mpunga ili joto lisikifikie, akalikalia hadi Nansio.

Tukaingia sote watatu maabara ya shule. Mwalimu aliweka sahani nyeusi juu ya kile kipande, akaifunika kwa chupa yenye kitambaa kilicholowa spiriti, akafunga madirisha, akamulika tochi ubavuni. Tulingoja. Barafu ilikuwa nyembamba kama sabuni inayoisha.

Ghafla uzi mweupe wa ukungu, njia ya chembe, ukajichora ndani ya chupa, ukafutika. Ukaja mwingine. Mwalimu alijishika mdomo.

"Zimepitaje?" aliuliza Mama Kabula.

"Zimepenya bati la paa. Sisi pia zinatupenya. Na kuna nyingine, neutrino, zinazopenya dunia nzima. Hizo chupa hii haiziwezi. Wanasayansi wenzetu huzivizia kwenye matangi ya maji chini kabisa ya ardhi."

Sikuwa nimewahi kusikia uvumilivu wa namna hiyo. Barafu ilipokwisha, Mwalimu aliendelea kutazama chupa, machozi yakimtoka.

Nje, Mama Kabula aliniuliza nitalala wapi. Nikasema sijui.

"Kwangu kuna chumba cha uani. Paa lake lina matundu, lakini kumbe hata lisilo na tundu halizuii kitu."